Mbwa Aliyekufa Msimu wa Zabibu

Tarishi alianza kutapika usiku wa Jumatano, mwezi Machi mwaka 1997. Siku naikumbuka kwa sababu ya lori. Jumanne yake lori la mnunuzi lilishindwa kuja kwa mara ya pili, na baba akaamua zabibu zote zilizokwisha kukatwa zimwagwe juu ya turubai nyuma ya nyumba zikauke, tupate angalau zabibu kavu za kuuza mjini kwa vipimo. Tulikuwa tunaishi Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma, kwenye barabara iendayo Iringa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na mkulima wa huko anajua kwamba zabibu haimsubiri mtu. Mahindi unaweza kuyaacha yakakaukia shambani, muhogo unaweza kuuacha ardhini. Zabibu ikishaiva ina siku zake chache, zikipita inaanza kunuka uchachu. Nyuki wanakuja, kuku wanakuja, watoto wa jirani wanakuja. Mara hii na mbwa wetu alikuja. Alisimama pembeni ya turubai, akanusa, akachagua zile zilizopasuka, akala. Tulikuwa wote pale. Mama alikuwa akigeuza vichala, mimi na dada yangu tukitoa vijiti. Mama alimtazama, akasema, "Mwacheni, naye aonje msimu."

Alikuwa mbwa wa kienyeji wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika ncha, uzito wake kama kilo kumi na tano. Baba alimpa jina la Tarishi kwa sababu alikuwa akitangulia. Baba akitoka shambani jioni, mbwa anafika nyumbani dakika kumi kabla yake, anazunguka jiko mara moja na kulala mlangoni, na mama anajua kwamba ni wakati wa kusonga ugali. Chakula chake hakuna aliyekinunua hata siku moja. Alikula ukoko, alikunywa maji yaliyooshea sufuria, na siku ya nyama alipata mifupa. Tukimpa ndizi anakula. Tukimpa ganda la tikiti maji analilamba mpaka linabaki jeupe. Tulisema, kama wengi wanavyosema mpaka leo, kwamba mbwa ana tumbo la mbwa.

Alhamisi hakula. Alikunywa maji mengi kuliko nilivyowahi kumwona akinywa, kisha akaenda kulala chini ya mkwaju. Ijumaa mama alimnywesha maziwa yaliyochanganywa na mafuta ya kula, maana ndiyo dawa iliyojulikana kwetu ya mnyama aliyekula sumu. Aliyatapika yote. Siku hiyohiyo niliona jambo ambalo sikumwambia mtu, kwa kuwa sikujua kama lina maana. Tarishi alikuwa na nguzo yake kwenye kona ya zizi, ambayo kila asubuhi lazima aikojolee. Ijumaa asubuhi alijikokota hadi pale, akainua mguu, akakaa hivyo muda mrefu. Hakikutoka kitu. Jumamosi hakuamka. Jumapili, tukijiandaa kwenda kanisani, tulimkuta amekufa. Siku ya nne. Tulimzika palepale chini ya mkwaju.

Hakuna aliyeuliza amekufa na nini. Wote tulijua, au tulidhani tunajua. Jirani yetu wa upande wa magharibi alikuwa na mbuzi wengi, na miezi miwili kabla Tarishi alikuwa amemng'ata mwanambuzi mguuni. Mzee yule alisema mbele ya watu kwamba ipo siku mbwa huyu atakoma. Nani angehitaji ushahidi mwingine? Baba alimpeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mzee aliapa kwamba hajui lolote. Mwenyekiti hakuona ushahidi na hakutoza mtu faini, lakini ujirani ulikufa siku ile. Hatukuazimana tena chumvi wala jembe. Mtoto wake, ambaye nilikuwa nikienda naye shule, alibadilisha njia. Miaka mitatu baadaye bibi yangu mzaa baba alipofariki, mzee yule alikuja msibani, akakaa peke yake kwenye jiwe nje ya uzio mpaka mazishi yalipokwisha, akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyempelekea kiti.

Nimeandika kwa urefu habari ya jirani kwa sababu ndiyo sehemu ya kisa hiki inayoniuma zaidi, hata kuliko mbwa.

Sasa naishi Morogoro. Mwaka 2023 nilikuwa na mbwa jike mweusi aitwaye Chausiku, wa kilo kumi. Tulikuwa na ubarikio wa mpwa wangu, na siku mbili baada ya sherehe tulikuwa bado na sufuria la rosti, nyama zimekwisha, umebaki mchuzi mzito wa vitunguu. Niliuchanganya na ugali wake, jioni ya kwanza na ya pili. Siku ya nne Chausiku alikuwa mnyonge, fizi zake nyekundu zimepauka zikawa kama karatasi, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilimbeba hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, mtulivu, na swali lake la kwanza halikuwa "anaumwa nini" bali "amekula nini tangu Jumamosi, kaka? Nitajie vyote." Nilipofika kwenye mchuzi aliweka kalamu chini. Alinieleza kwamba kitunguu maji, kitunguu saumu na jamii yake yote huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Saumu ina ukali zaidi. Kukipika hakuondoi sumu, na kukikausha au kukisaga hakuondoi. Madhara hayaonekani siku ileile, hujitokeza baada ya siku kadhaa, ndiyo maana watu wengi hawaunganishi ugonjwa na chakula. Kiasi cha nusu asilimia ya uzito wa mbwa kinatosha kumdhuru. Kwa Chausiku hiyo ni gramu hamsini, yaani kitunguu kimoja kidogo. Mchuzi wetu ulikuwa na vitunguu vya watu mia.

Alipona. Alikaa kwenye dripu, akarudi nyumbani, fizi zikarejea rangi baada ya wiki kama mbili. Lakini nikiwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri, nilimsimulia daktari habari ya Tarishi, kama mtu anavyosimulia msiba wa zamani akiwa kwenye mpya. Nilimwambia jirani alimwekea sumu.

"Alikufa baada ya muda gani?"

"Siku ya nne."

"Alitoa povu? Alitetemeka, alikakamaa?"

"Hapana. Alilala tu."

"Alikuwa anakojoa?"

Sikujibu mara moja. Niliiona ile nguzo ya zizi.

"Sumu ambazo watu huwategea mbwa," alisema, "ni dawa za wadudu za shambani au za kuogeshea mifugo. Hizo mara nyingi huua ndani ya saa chache, kwa mate, povu na mtetemeko. Mbwa anayetapika, anakunywa maji sana, kisha anaacha kukojoa na kufa baada ya siku tatu au nne, huyo figo zimekufa. Kaka, mwezi huo mlikuwa mnavuna nini?"

Aliongeza kwamba bila kumpasua mnyama na kuona figo zake hawezi kuapa. Nami siapi. Lakini nimeisoma habari hiyo tangu siku ile kwa bidii kuliko nilivyosoma jambo lolote, na kila nilichosoma kinaelekea kwenye turubai la baba.

Lililonishtua zaidi ni tarehe. Mwaka 1997 hakuna daktari wa mifugo, wa Dodoma wala wa Ulaya, ambaye angeweza kutuambia kwa kitabu kwamba zabibu inaua mbwa. Taarifa iliyokusanya visa vya namna hiyo na kuviweka wazi ilitoka mwaka 2001 katika jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani, na ilihusu mbwa kumi waliokula zabibu mbichi au kavu wakaharibika figo. Kwa miaka ishirini iliyofuata sumu yenyewe haikujulikana ni nini. Walidhani ni dawa zilizonyunyiziwa mizabibu, walidhani ni kuvu, na uchunguzi haukuthibitisha. Mwaka 2021 wataalamu wa kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, Marekani, waliona mbwa waliougua kwa namna ileile baada ya kula unga wa kuchezea watoto uliofinyangwa nyumbani kwa kutumia krimu ya tata, kiungo kinachotokana na zabibu. Kilichomo humo ni asidi ya tartariki na chumvi zake. Binadamu anaitoa mwilini bila shida. Mbwa inaelekea hana uwezo huo, nayo hujikusanya kwenye figo zake.

Jambo hili linaeleza kwa nini mbwa mmoja anaweza kula zabibu akatembea na mwingine akala kidogo akafa. Asidi hiyo hupungua na kuongezeka kulingana na aina ya zabibu na jinsi ilivyoiva. Huwezi kuitambua kwa macho. Katika visa vilivyoandikwa, gramu tatu hivi za zabibu kavu kwa kila kilo ya mbwa zimewahi kudhuru. Kwa Tarishi hiyo ni konzi moja. Kwa zabibu mbichi ni kama gramu ishirini kwa kilo, yaani kichala kimoja cha wastani. Alikula zaidi ya kichala.

Na wataalamu walewale walitaja tunda jingine lenye asidi hiyo kwa wingi, ambalo mbwa waliolila waliharibika figo. Ni ukwaju. Kwetu tunaunywa, tunautia kwenye mchuzi, tunauuza kwenye mifuko barabarani, na makapi yake tunayamwaga uani anapolala mbwa.

Tangu hapo nimekuwa mtu anayeulizwa na majirani wampe mbwa nini, na najibu kama nilivyofundishwa. Matunda mengi ya kwetu hayana neno, yakitolewa kidogo na yakiandaliwa. Papai lililotolewa mbegu, tikiti maji lisilo na mbegu wala ganda, ndizi mbivu, nyama ya embe, kipande cha nanasi lililomenywa. Boga na kiazi kitamu kilichochemshwa bila chumvi ni chakula kizuri kabisa, na Chausiku huacha dagaa kwa ajili ya boga. Wali mtupu, ugali mtupu, yai lililoiva, nyama isiyo na viungo. Dagaa waoshwe chumvi kwanza.

Lakini embe linataka neno zaidi, kwa kuwa hatari yake haiko kwenye tunda. Kokwa la embe lina utelezi na utamu, mbwa hulimeza zima, nalo hukwama kwenye utumbo. Kokwa la parachichi hali kadhalika. Nyama ya parachichi haimtishi mbwa kama inavyomtisha ndege au mbuzi, ila ina mafuta mengi, na mafuta mengi kwa mara moja humletea uvimbe wa kongosho. Kuliko makokwa yote, daktari wangu anaogopa gunzi. Mtu anakula hindi la kuchoma, anamtupia mbwa gunzi, mbwa analivunja vipande viwili na kumeza. Gunzi halimeng'enyeki. Linakaa, linaziba, na bila upasuaji mbwa anakufa na mahindi tumboni. Mifupa ya kuku aliyepikwa nayo hupasuka vijiti vikali. Unga wa maandazi uliotiwa hamira, ukiachwa kwenye beseni jikoni ukaliwa mbichi, unaendelea kuumuka ndani ya tumbo na kutengeneza pombe. Kahawa, majani ya chai na chokoleti havifai kabisa, wala jojo zisizo na sukari zenye zailitoli, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa katika muda usiofika saa moja.

Nisingependa mtu asome haya akadhani nazungumzia mbwa wa kizungu wanaolala kwenye zulia. Chakula kinachowadhuru mbwa wengi wa Tanzania na Kenya, naamini, si chokoleti. Ni mahindi. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafa, baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Kenya, mwaka 2004, waliugua watu 317 na kufa 125. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana na sumu hiyo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikwisha kupoteza mbwa wengi kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Hata hivyo kauli inayosikika ghalani ni ileile: haya yameharibika, mpe mbwa. Na chakula ambacho wengi tunampikia kila siku ni pumba na dagaa. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, kwa hiyo tukikoboa mahindi tunabaki na sembe iliyo salama zaidi, na pumba tunayompelekea mbwa imebeba sehemu kubwa ya sumu. Pumba yangu sasa nainunua kavu, naiangalia, nainusa. Ikiwa na harufu ya uvundo naifukia. Simpi mbwa, simpi kuku.

Desemba mwaka huohuo wa 2023 nilikwenda Mpunguzi kumwambia baba. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ina maana ni zabibu zangu?" Nikamwambia, "Inaelekea hivyo, baba." Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, na mikono yake ilisimama. Nilijua anakumbuka alichosema. Nilimwambia kwamba mwaka ule hakuna mtu duniani aliyejua, na ndiyo kweli.

Baba alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Yule mzee alikuja kwenye msiba wa mama yangu."

Mzee alikuwa ameshafariki tangu 2011. Mjane wake yupo. Tulikwenda asubuhi iliyofuata, baba, mama na mimi, na sukari, mchele na kitenge. Baba aliongea mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Alimwita dada. Alisema, "Nilimsingizia mume wako mbele ya watu. Nimekuja kukuomba msamaha, maana yeye sitamkuta." Bibi yule alitazama chini muda mrefu. Alisema mumewe alilisema jambo lile mpaka uzeeni, kwamba hakumgusa mbwa. Kisha akasema kitu ambacho hatukukijua. Baada ya ile habari ya mwanambuzi, mzee alimzoesha Tarishi kwa chakula ili awaache mbuzi. Alikuwa akimwachia ukoko kwenye kigae karibu na zizi, na mbwa alikuwa akipita kila jioni kabla hajafika kwetu. "Alipokufa," alisema, "kigae kilikaa pale na ukoko siku mbili."

Alitukaribisha chai. Wakati tunaondoka baba alimwambia mjukuu mkubwa wa bibi yule aje kuchukua jembe letu la kukokotwa, lililokuwa limekaa bila kazi.

Msimu wa Agosti ukifika, na zabibu zikianikwa Mpunguzi, Mbabala na Hombolo, nawaomba wenye mashamba waanike juu ya kichanja ambacho mbwa hafikii, na makapi wayafukie. Mbwa akila, hata chache, asisubiriwe atapike wala asinyweshwe maziwa au maji ya chumvi, maana chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, figo zikiwa bado zinafanya kazi. Na akifa, tafadhali, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, ulizeni kwanza alikula nini.